Futari ya Lugoba

Msafiri atokaye Bagamoyo kwa njia ya Kiwangwa hukuta mashamba ya mananasi kando ya barabara, na baada ya kilometa 64 hivi hufika Msata, penye njia kuu iendayo Segera na Tanga. Akigeukia kusini kuelekea Chalinze, haendi mbali ila huiona Lugoba, katika nchi ya Wakwere. Hapana magofu ya kale kama ya Kaole, wala bandari ya majahazi. Mji huu wajulikana kwa kokoto zake, na malori yazichukuayo kwenda kujengea miji mingine. Lakini sisi tuliopita humo mwezi wa Ramadhani tuliona jambo jingine, nalo ni jinsi sambusa zinavyopikwa nyumbani.

Sambusa ni mgeni wa zamani. Jina lake lilitoka Uajemi, likapita kwa Waarabu. Na kitabu cha mapishi kilichoandikwa na Muhammad al-Baghdadi mwaka 1226 kinaitaja. Ibn Battuta, aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, baadaye alieleza jinsi ilivyoandaliwa katika karamu za mfalme wa Delhi, imejazwa nyama, lozi na viungo. Nayo ina ndugu wengi wasiokaangwa. Waturuki wana manti, watu wa Sham wana shishbarak ipikwayo katika maziwa ya mgando, na Waitalia wana ravioli, ambazo ni tambi zilizotiwa vitu ndani. Hekima ya vyakula hivi vyote ni moja: unga kidogo hufunika nyama kidogo, na watu wengi wakala. Nusu kilo ya nyama, ambayo katika mchuzi ingewatosha watu wachache, hutoa sambusa 20 na zaidi.

Katika nyumba tuliyokaribishwa, kazi ilianza baada ya Adhuhuri. Mama mwenye nyumba aliukanda unga wa ngano kwa maji, chumvi na mafuta kidogo, akaufunika upumzike. Kisha alisukuma vidonge, akavipaka mafuta na kuvinyunyizia unga, akavipanga kimoja juu ya kingine, akavisukuma pamoja mpaka vikawa vyembamba. Akaviweka juu ya chuma cha moto kwa muda mfupi tu, akavibandua vingali moto. Hizo ndizo manda. Binti yake alizikata, akazifunika kwa kitambaa chenye unyevu zisikauke.

Nyama ya kusaga ilipikwa na tangawizi, thomu, bizari nyembamba na pilipili manga mpaka maji yakakauka kabisa. Iliachwa ipoe, ndipo vikatiwa vitunguu vilivyokatwa vidogo vidogo. Haraka hapa huharibu kazi yote, kwani nyama yenye moto au maji hulowesha manda, nazo hupasuka katika mafuta. Asiye na nyama hutumia viazi au dengu, wala hapungukiwi kitu.

Waliokunja ni vijana wa kiume wa nyumba hiyo, wakiziba pembe kwa uji mzito wa unga wa ngano. Baba yao aliosha vyombo na kutandika mkeka. Sambusa zilikaangwa muda mfupi kabla ya jua kutua, na adhana ilipotoka, karai lilikuwa limekwisha kuteuliwa motoni. Watu wote, na mama miongoni mwao, walifungua kwa tende na maji, wakasali Magharibi, kisha wakala sambusa zingali na joto, pamoja na ndimu na vipande vya nanasi. Sahani moja ilikuwa imekwisha kwenda kwa jirani.

Ndugu wasomaji, tulilitazama jambo hili tukakumbuka nyumba nyingi za mijini. Humo wanaume na vijana huketi wakingoja, na mama husikia adhana akiwa bado motoni. Yeye aliyefunga kama wao hufungua wa mwisho, kwa sambusa zilizopasuka, na sala yake huchelewa. Bibi Aisha, radhi za Mungu ziwe juu yake, alipoulizwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akifanya nini nyumbani, alieleza kwamba alikuwa akiwahudumia watu wa nyumba yake, na wakati wa sala ukifika alitoka kwenda kusali. Basi kijana gani ataona haya kukunja sambusa?

Manda za dukani zapatikana siku hizi, wala si vibaya kuzinunua. Bali hata hizo zataka mikono ya kuzikunja. Wazazi na wawagawie watoto wao kazi hii, wa kike na wa kiume, tangu wakiwa wadogo. Chakula kipimwe kwa haja ya watu, kisitupwe. Na sahani ya jirani itengwe kwanza. Mwenyezi Mungu azijaalie nyumba zetu baraka na kusaidiana. Amin.