Kimya Chenye Mshindo

Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ilipotimiza miaka saba ya kujitawala, setilaiti ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Ilikuwa ya kwanza kuundwa mahsusi kwa kutafuta eksirei za angani, miale ambayo hewa ya dunia huizuia isitufikie. Ikapewa jina la Kiswahili: Uhuru.

Miongoni mwa ilizoziona zilikuwamo galaksi mbili zisizofanana. NGC 5128 hutoa mawimbi ya redio kwa nguvu kubwa. NGC 4151, kwa sikio la redio, ni kama imenyamaza. Mwenye kuzipima kwa redio pekee angeidhania hii ya pili kuwa imelala. Kumbe zote mbili zawaka eksirei. Kitovuni mwa kila moja mna shimo jeusi, na gesi inayolizunguka hupata moto mkali kabla ya kumezwa. Ile yenye sauti imezidi kwa mkondo wa chembe unaorushwa mbali kwa kasi ya ajabu.

Wahenga walikwisha kunena: kimya kingi kina mshindo mkuu. Onyo hilo halikuwahusu walionyamaza. Liliwahusu wasikilizaji wenye sikio moja.