Mama Mkwe Hashukii Kihonda

Msomaji, hapa kwetu Kilakala ukiaga kwamba unakwenda stesheni, swali la kwanza ni: "Ipi? Ya umeme au ya Mjerumani?" Ukijibu ya Mjerumani, washikaji wanakutazama kama mtu anayetafuta kanda ya kaseti.

Nawaelewa. Tangu Juni 2024 treni ya umeme inakimbia kati ya Dar na Moro, na Julai mwaka huo ikafika Dodoma. Ukipandia Kihonda, stori na jirani haijaisha, uko Dar. Nani hapendi raha?

Ila mchumba wangu ni mtoto wa Kigoma, na huko umeme wa reli haujafika. Mama yake alipokuja kumtembelea bintiye, na kunichungulia mimi pia, alipanda treni kwao Kigoma, akalala njiani, akashuka katikati ya mji wetu. Mkononi ndoo ya mawese, begani mfuko wa dagaa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Beba taratibu, yasimwagike."

Nikajua mtihani umeanza.

Wajerumani walianza kutandika reli hii Dar mwaka 1905. Ikafika Moro 1907, Tabora 1912, Kigoma 1914. Hawakuijenga ili mimi nioe. Walitaka mazao na askari wao wapite, na jasho lilikuwa la babu zetu. Agosti 1916 Waingereza wakaingia Moro, Mjerumani akatimka. Reli ikabaki na wenye jasho.

Mbona treni mpya isipite hapo hapo? Haiwezi. Reli ya zamani ina upana wa mita 1, ya kisasa milimita 1,435. Behewa la huku halikai kule. Ndiyo maana tuna stesheni mbili, kila moja na watu wake.

Sasa kuna wanaotaka ile ya zamani iwe makumbusho, tukapige picha. Sawa, lakini mama wa watu ashukie wapi? Makumbusho hayapokei mgeni mwenye dagaa.

Na jibu langu la posa? Mama kasema liko kwa wazee, twende tukaposee Kigoma. Sisi Waluguru mjomba ndiye mwenye kauli, na mjomba keshauliza nauli ni kiasi gani. Kwa bei ya basi alikuwa ananuna. Kwa bei ya treni ya zamani, ameanza kupiga pasi kanzu.