CHAKULA CHA NDEGE NA MATANGO YA MISRI

 

Wiki hii kwenye grupu yetu ya WhatsApp kulizuka mjadala ambao sikuutarajia. Mama mmoja wa kanisa letu, ambaye ameishi Marekani tangu miaka ya themanini, alitukumbusha jinsi mambo yalivyokuwa zamani. Ulipopanda ndege kutoka mji mmoja hadi mwingine kule Marekani, safari ya saa tatu tu, uliletewa chakula moto. Hata wewe wa ikonomi, uliyekaa kiti cha mwisho karibu na choo! Kuku, viazi vya kuponda, mkate wa mviringo, siagi, saladi na kipande cha keki. Siku hizi, akasema, ni kipakiti cha biskuti na soda, na ukitaka kushiba utoe kadi ulipe.

Basi kila aliyewahi kupanda ndege akaanza kukumbuka yake. Watu walisikitika kama waliofiwa. Nilicheka sana, lakini nikaona kuna Neno hapo.

Mimi pia nina kumbukumbu yangu. Nilipotoka chuo cha Biblia nilialikwa kwenye kongamano nje ya nchi, na hiyo ndiyo ilikuwa safari yangu ya kwanza ya ndege. Wakati wa kurudi, mhudumu aliniwekea trei ambayo kila kitu juu yake kilikuwa kidogo na kimefungwa. Wali na kuku nilikula. Mkate, siagi na kipakiti cha chumvi nilivifunga kwa karatasi nikampelekea mamangu kijijini. Mkate aliula kwa chai. Chumvi aliiweka kabatini na hakuitumia hata siku moja. Wageni wakija, aliitoa akawaonyesha: "Hii chumvi imetoka juu."

Mama alilala katika Bwana miaka kadhaa iliyopita. Nikiukumbuka mkate ule leo, si mkate ninaoutamani. Ni mama.

Hilo ndilo jambo la kwanza ninalotaka ulishike. Mara nyingi tunacholilia si kile tunachokitaja. Unasema umekumbuka chakula cha Krismasi cha zamani, kumbe umewakumbuka ndugu zako kabla hamjagombania shamba. Unasema kanisa la zamani lilikuwa na moto, kumbe umekumbuka jinsi wewe ulivyokuwa ukiomba.

La pili ni kwamba kumbukumbu hutia sukari. Wataalamu wanatuambia kwamba ndani ya ndege hewa ni kavu sana na shinikizo lake ni dogo kuliko la huku chini, kwa hiyo ulimi na pua havionji chumvi na sukari vizuri. Chakula chenyewe hupikwa chini, hupozwa, kisha hupashwa moto kule juu. Ndiyo maana huwa na mchuzi mwingi, ili kisikauke. Kwa miaka mingi abiria walikilalamikia, na wachekeshaji walikifanyia mzaha. Trei ileile iliyodharauliwa ilipokuwapo ndiyo inayoliliwa leo!

Sasa fungua Hesabu sura ya 11. Wana wa Israeli wako jangwani, mana inashuka kila siku, nao wanalia. Wanakumbuka samaki wa Misri, matango, matikiti, vitunguu na vitunguu saumu. Halafu wanaongeza jambo la kushangaza: kwamba samaki wale waliwala bure. Bure? Watu waliopigwa wakifyatua matofali? Watu ambao Farao aliamuru watoto wao wa kiume watupwe mtoni? Walikumbuka chakula, wakasahau bili.

Na chakula cha ndege nacho hakikuwa cha bure. Marekani, hadi mwaka wa 1978, serikali ndiyo iliyosimamia nauli za ndege. Kampuni hazikuweza kushindana kwa bei, kwa hiyo zilishindana kwa huduma, na sahani ilikuwa sehemu ya huduma hiyo. Kuku yule ulikuwa umeshamlipia kwenye tikiti, na tikiti yenyewe ilikuwa ghali kiasi kwamba watu wengi wa kawaida hawakupanda ndege kabisa. Mwaka huo sheria ilibadilishwa. Ushindani wa bei ulipoanza, nauli zikashuka na sahani nayo ikapunguzwa. Inasimuliwa kwamba katika miaka ya themanini American Airlines iliondoa zeituni moja tu kwenye kila saladi, ikaokoa makumi ya maelfu ya dola kwa mwaka. Baada ya mashambulizi ya Septemba 2001 kampuni nyingi zilibanwa kifedha, na chakula moto cha ikonomi kikaondolewa katika safari nyingi za ndani. Continental, iliyoshikilia kuliko kampuni kubwa nyingine za huko, nayo iliacha kukitoa bure mwaka wa 2010.

Sisemi kampuni hizo zilifanya hivyo kwa upendo. Zilikuwa zinatafuta faida. Lakini leo shosho ambaye zamani angesafiri siku mbili kwa basi anaweza kupanda ndege akamwone mjukuu wake. Anakula biskuti, ndiyo, lakini anafika.

Kwa nini nayasema haya? Kwa sababu kuna watu miongoni mwetu ambao kumbukumbu inawamaliza. Kuna ndugu mmoja (ameniruhusu kulisema hili bila jina) ambaye alikuwa na kazi nzuri. Alikuwa na gari la kampuni na chakula cha mchana kilicholipiwa. Kampuni ikapunguza wafanyakazi, naye akatoka. Sasa ana biashara ndogo inayolipa kodi ya nyumba na karo. Lakini kila jioni mezani alisimulia alivyokuwa akila kule. Siku moja mkewe aliniambia kwa uchungu: "Pastor, mume wangu anakula ugali wangu, lakini bado ameketi kwenye meza ya ofisi." Nyumba ile ilikaribia kuvunjika, na njaa haikuwa sababu. Mwanamke alichoka kushindanishwa na sahani ambayo haipo tena.

Mpendwa, kukumbuka si dhambi. Katika Kumbukumbu la Torati 8 Mungu mwenyewe anawaamuru Israeli waikumbuke njia yote aliyowaongoza. Lakini kuna kukumbuka kunakozaa shukrani, na kuna kukumbuka kunakokufanya uiteme mana iliyo kinywani mwako. Mhubiri 7:10 anatuonya kwamba si hekima kuuliza kwa nini siku za kale zilikuwa bora kuliko hizi.

Halafu soma Yoshua 5:12. Miaka arobaini mana imeshuka. Wanafika Gilgali, wanakula mazao ya nchi, na siku inayofuata mana inakoma. Mungu mwenyewe ndiye aliyeisimamisha! Je, alikuwa amechoka kuwalisha? La. Walikuwa wamefika mahali pa kulima na kuvuna. Chakula kilibadilika, lakini Mlishaji alibaki yuleyule.

Sitakuambia kwamba kila kilichokoma maishani mwako kilikoma kwa sababu nzuri. Vingine vilichukuliwa na kifo, vingine na dhuluma. Hivyo vililie, hata Yesu alilia. Lakini ukishalia, tazama meza iliyo mbele yako leo.

Wiki hii fanya mambo matatu. Kwanza, jiulize ni nani unayemkumbuka nyuma ya kile unachokikumbuka, na kama bado yuko hai, mpigie simu leo. Pili, unaposifu siku za zamani, taja na bili yake. Tatu, kabla hujala usiku wa leo, mshukuru Mungu, halafu umgeukie aliyepika na umshukuru kwa jina, mbele ya watoto.

Tuombe. Baba, asante kwa ulivyotulisha jana. Tuponye na kumbukumbu inayotuibia leo. Wafariji wanaokula peke yao meza iliyokuwa imejaa watu. Wakumbuke ambao jioni hii hawana cha kuweka mezani, na utupe sisi wengine mkono wa kuwafikia. Katika jina la Yesu. Amina.

Ni kitu gani kilikoma maishani mwako, na Mungu amekulisha na nini tangu hapo? Niandikie hapa chini, tushukuru pamoja. Mbarikiwe.