Chuo cha Egerton, Njoro

Mtu atokaye Nakuru kwenda Njoro huiona nchi ikibadilika upesi. Joto la mjini huachwa nyuma, njia hupanda kuelekea Mau, na upepo wa huko humfanya mgeni atafute koti lake. Huku na huku ni mashamba ya ngano, mahindi na viazi, na ng'ombe wa maziwa malishoni. Baada ya kilometa zipatazo 25 msafiri hufika penye lango la Egerton.

Jina hilo ni la Mwingereza, Lord Maurice Egerton wa Tatton, ambaye mwaka 1939 alitoa eka 740 ili iwepo shule ya ukulima. Yafaa kusema wazi shule hiyo ilikuwa ya nani. Ilikuwa ya vijana wa Kizungu, waliokusudiwa kuwa wenye mashamba katika nyanda za juu. Mwafrika aliijua Njoro kwa jembe na kwa ndoo ya kukamulia. Darasani hakuwa na kiti.

Mwaka 1950 shule ikawa chuo, na mwaka 1955 ikaitwa Chuo cha Ukulima cha Egerton, chenye masomo ya cheti kwa mwaka mmoja na ya diploma kwa miaka miwili. Haukupita muda mrefu milango ikafunguliwa kwa watu wa kila rangi, wa Kenya na wa nchi nyingine za Afrika. Haja ilikuwa kubwa. Chini ya Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954, Waafrika wengi zaidi waliruhusiwa kupanda kahawa na mazao mengine ya kuuza, na vipande vya ardhi vikaunganishwa na kupimwa. Lakini ruhusa haipogoi mti. Mwenye miche mipya asiye na wa kumwonyesha namna ya kukata matawi, au kuitambua kutu ya majani kabla haijaenea, atapata hasara tu. Alihitajika Bwana Shamba aliyefunzwa vyema. Baada ya Uhuru wa mwaka 1963 wenye diploma ya Egerton walitawanyika wilayani, wakaingia katika mashamba madogo ambayo mwanzilishi hakuyafikiria alipoitoa ardhi yake. Kwangu mimi hiyo ndiyo kazi kubwa ya chuo hiki, kupita majengo yake yote.

Na kwa habari ya majengo, wageni wengi hupenda zaidi kulitazama jumba la Lord Egerton lililoko Ngata, lililoanza kujengwa mwaka 1938 na kumalizika mwaka 1954. Watu husimulia kwamba alilijenga kwa ajili ya mwanamke aliyemkataa; wasimulizi wenyewe hawapatani. Lililo hakika ni kwamba alikufa mwaka 1958, bila mke wala mtoto.

Mwaka 1986 Egerton kilifanywa tawi la Chuo Kikuu cha Nairobi, na mwaka 1987 kikawa chuo kikuu kamili kwa sheria ya Bunge. Vyuo vikuu vya Laikipia, Chuka na Kisii vilikuwa chini yake kabla ya kujitegemea mwaka 2013. Siku hizi hufundisha hata sheria, ualimu na utabibu. Lakini ukulima haukuachwa: yako masomo ya mifugo, bustani, udongo, uhandisi wa kilimo na uchumi wake, na ipo Guildford, idara ya maziwa, ambako mwanafunzi hujifunza kugandisha mtindi kwa mikono yake.

Jambo moja hunisumbua. Mkulima wa leo hunung'unika kwamba Bwana Shamba haonekani tena kijijini, naye mzazi aliyeuza ng'ombe ili mwanawe asome ukulima hupenda kumwona akipata meza mjini. Hao wawili mara nyingi ni mtu yule yule.