Daftari la Baharia

Wahenga walinena kuwa maji usiyoyafika hujui wingiwe. Kijana aliyeondoka Nyacheki, katika milima ya Bobasi, mwaka 1984, hakuwa ameona maji mapana kuliko ya Mto Gucha. Alikuwa amekulia baina ya migomba na mashamba ya chai, mahali ambapo mvua haikawii na ardhi haitoshi. Alipoteuliwa kuwa afisa mwanafunzi katika Jeshi la Wanamaji la Kenya, lililoundwa tarehe 15 Desemba 1964 na ambalo kambi yake kuu iko Mtongwe, Mombasa, babake alimwuliza swali moja tu: "Huko baharini kuna shamba?"

Shamba halikuwapo, ila ilikuwapo shule ya aina yake. Katika zamu za usiku alijifunza kuandika daftari la meli: saa, mwelekeo, hali ya bahari, chombo kilichoonekana. Kanuni ya daftari hilo ilikuwa kali. Neno lililokosewa halikufutwa. Lilikatwa kwa mstari mmoja ili liendelee kusomeka, na aliyelikata akatia saini pembeni. Aidha, kilichoonekana kiliandikwa, hata kama kuandikwa kwake kulimtia aibu afisa wa zamu.

Miaka 12 ikapita. Kifungua mimba wake, binti, alizaliwa yeye akiwa doria, na mtoto alipoanza kusema alimwita babake "mgeni". Neno hilo ndilo lililomtoa jeshini mwaka 1996, akiwa luteni. Alijiunga na Chuo Kikuu cha Nairobi kusomea sheria, akaketi darasani na vijana waliomwita "mzee", kwanza kwa dhihaka, baadaye kwa heshima. Mkewe, mwalimu wa shule ya msingi, ndiye aliyeilisha nyumba muda huo wote.

Chuoni ndiko alikosikia habari za Thomas Erskine, Mskoti aliyepanda merikebu ya kivita akiwa mvulana mwaka 1764, akawa wakili mwaka 1778, na katika kesi yake ya kwanza akathubutu kumshutumu waziri wa wanamaji wa Uingereza mbele ya majaji. Inasimuliwa kwamba alipoulizwa alikoupata ujasiri huo, alijibu kuwa alihisi wanawe wakimvuta joho, wakimwambia kwamba wakati wa kuwapatia mkate ulikuwa umefika. Wanafunzi walicheka. Yeye hakucheka; alikuwa na watoto watatu, na karo ya muhula ilikuwa haijalipwa.

Aliapishwa kuwa wakili mwaka 2003, akafungua ofisi mjini Kisii. Kesi nyingi zilizomfikia zilikuwa za mipaka na urithi, ndugu kwa ndugu, wakigombania ardhi ambayo ng'ombe wawili wangeimaliza kwa siku moja. Hakujua kwamba ya kwake ilikuwa njiani.

Babake alifariki mwaka 2006, mamake akiwa amekwisha kutangulia. Marehemu aliacha ekari 3, wana watatu na mabinti wawili. Dada mkubwa alikuwa amerudi nyumbani baada ya ndoa yake kuvunjika, akaishi na wanawe katika jiko la marehemu mama yao. Siku moja ndugu zake wakili walimletea barua ya naibu wa chifu iliyoorodhesha warithi. Majina yalikuwa matatu, yote ya wanaume.

"Wewe ndiwe wakili wetu," akasema kaka mkubwa. "Peleka mahakamani tu. Mwanamke hurithi kwa mumewe."

Sheria aliijua. Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 1981, haimbagui binti. Na mwaka 2005 Mahakama ya Rufani, katika kesi ya Rono, iliwapa mabinti na wana mafungu sawa. Lakini hesabu nayo aliijua. Wakirithi watatu, fungu lake lingekuwa ekari 1. Wakirithi watano, lingekuwa ekari 0.6. Mkate wa watoto wake ulikuwa mezani, nao ulikuwa upande wa kunyamaza.

Usiku huo yule binti aliyewahi kumwita mgeni aliisoma barua ile kando ya taa. "Baba," akasema, "shangazi hayumo. Nami siku moja sitakuwamo?"

Hakumjibu. Hakuirarua barua. Aliikata kwa mstari mmoja, akatia saini pembeni, na kulipopambazuka akaenda kwa naibu wa chifu kuomba nyingine yenye majina matano.

Kaka mkubwa alikataa kuridhia, mambo yakafika mahakamani. Wakili wetu alisimama huko kama mrithi tu, akitetewa na mwenzake, hadi shamba lilipogawanywa sawasawa. Miaka minne baada ya kifo cha mzee, Katiba ya 2010 ilipiga marufuku ubaguzi wa kijinsia katika ardhi kwa nchi nzima. Hata hivyo, hakuna katiba iwezayo kuamuru salamu. Kwa miaka mingi kaka alipita mpakani bila kumtazama, ingawa mke wa kaka huyo aliendelea kwenda kwa wifi yake kuomba chumvi.

Ile barua iliyokatwa angali anayo. Majina matatu yanasomeka chini ya mstari. Na anayeitazama kwa makini huyaona pia mawili yasiyoandikwa.