Krismasi yetu iliangukia Januari

Huku hosteli stori siku hizi ni moja tu: nani kakata tiketi, nani bado, nani anasubiri bumu liingie. Sisi wa Kilimanjaro ndio tunataniwa zaidi, eti Desemba tunaiacha Dar tupu. Sikatai. Ila kuna mwaka sikupanda basi la Desemba, na Krismasi hiyo ndiyo ninayoikumbuka kuliko zote. Ni ya 2023, nikiwa mwaka wa kwanza.

Baba yangu ni dereva wa malori ya masafa marefu. Mwezi ule alikuwa anapeleka salfa Lubumbashi, ile ya kutengenezea tindikali ya kuchenjulia shaba. Hesabu yake ilikuwa tarehe 24 awe Kibosho. Tarehe 18 akapiga simu: yuko Kasumbalesa, mpaka wa Zambia na Kongo, foleni haisogei, na mzigo hata hajaushusha. Wanaopajua pale wanajua. Malori yanapanga mstari kilomita na kilomita, dereva anapika chai chini ya trela na kulala humo humo, maana akitoka kwenye mstari nafasi imekwenda.

Basi bwana, nyumbani kikawaka. Mbuzi yuko bandani, ndizi za mbege zimeshavundikwa. Baba wadogo na shangazi wameshachukua likizo kazini, hawana siku nyingine. Wakasema tuchinje, akija atakuta fungu lake. Na walikuwa na hoja jamani. Watu kumi na saba wamngoje mmoja?

Bibi akawasikiliza wote, halafu akasema, "Ninyi siku ya kuja mlichagua wenyewe. Yule hana pa kuchagua. Tutamngoja yule."

Kulikuwa na jingine ambalo hakulisema. Babu alifariki Machi ya mwaka ule ule. Hiyo ingekuwa Krismasi ya kwanza mbuzi wa nyumba kuchinjwa na mkono mwingine, na kwa bibi mkono huo ni wa mtoto wake wa kwanza, yaani baba.

Mama akanipigia, "Mwanangu usije, sikukuu imesogezwa." Nilicheka mpaka roommate akadhani nimechanganyikiwa. Tarehe 25 wenyewe walikwenda kanisani, wakarudi wakala wali na maharage, mbuzi akiwaangalia. Mbege haijui kuahirishwa, ikikaa inachacha, kwa hiyo majirani waliifaidi. Tarehe 28 baba mdogo akarudi zake Dar, kanuna.

Bahati nzuri 2024 sikukuu ya Mapinduzi, tarehe 12 Januari, iliangukia Ijumaa. Alhamisi baada ya kipindi cha mwisho nikaenda stendi ya Magufuli, nikapanda basi la usiku. Siti zipo za kumwaga! Asubuhi niko Moshi. Baba alikuwa ameingia jana yake, amekonda, macho mekundu.

Jumamosi tarehe 13 ndiyo ikawa Krismasi yetu. Baba alikwenda kwanza migombani kwenye kaburi la babu, akasimama peke yake, hatukumfuata. Kisha akachinja. Bibi alikaa kwenye kigoda akiangalia, hakusema neno mpaka mwisho. Tulikuwa tisa tu. Baba mdogo tulimweka kwenye spika ya simu, akajibu kwa kifupi sana, na hasira zake ziliisha Pasaka. Kwa hiyo nisiwadanganye kwamba kumngoja mtu ni bure. Ukimngoja mmoja, wengine unawakosa.

Katikati ya chakula baba akasinzia kitini, kipande cha ndizi mkononi. Mdogo wangu akataka kumwamsha, bibi akamkataza. Tukaendelea kula kwa kunong'ona, mtu mzima anakoroma katikati yetu. Mpaka leo sijaona sikukuu tamu kama ile.

Kuhusu tarehe, sisi wa somo la historia tusibabaike. Waethiopia husherehekea 7 Januari. Ukraine nayo, mwaka ule ule wa 2023, ilihamisha sikukuu rasmi kutoka 7 Januari kwenda 25 Desemba. Na Waarmenia wa Yerusalemu husherehekea 19 Januari, kwa hiyo sisi tuliwatangulia siku sita!

Wenzangu wa ualimu, sisi Desemba shule zitakuwa zimefungwa, tutakuwa miongoni mwa wenye kuchagua. Kwenye kila ukoo kuna nesi, askari, mlinzi au dereva ambaye ratiba yake iko mikononi mwa mtu mwingine. Kila mwaka tunamwekea fungu la nyama kwenye bakuli na kujiona tumemkumbuka. Muulizeni zamu yake kwanza, ndipo mpange siku. Si kila mwaka itawezekana, najua. Ila awe ameulizwa.

Kwenu je, mmewahi kusogeza sikukuu? Nipeni stori. Mimi ngoja niwahi semina, mwalimu huyu hana mchezo na wachelewaji.