Kutu Chini ya Rangi: Matembezi Shimanzi

Mombasa ni kisiwa, na chuma hakikai salama kisiwani. Kusi ikivuma, hewa ya bahari huingia na chumvi yake hadi ndani ya nyumba zetu: makomeo hukakamaa, bawaba hulia, na nondo zilizomo ndani ya kuta huvimba hata zikapasua saruji. Maji peke yake hushikisha chuma kutu. Yakichanganyika na chumvi, kazi hiyo huenda mbio zaidi. Atakaye kuitazama vita hii ya bahari na chuma, na apite Shimanzi, pale penye mabohari na malori, ambako mafundi wa bodi hufanya kazi chini ya mabati na maturubali.

Nilifika huko Jumamosi moja baada ya sala ya adhuhuri. Mgeni hupokewa na mlio wa nyundo, kisha harufu ya tina na rangi. Miongoni mwa magari yaliyopangwa palikuwa na Peugeot 504 ya milango minne, rangi yake nyeupe iking'aa.

Watu wa umri wetu hawalisahau gari hili. Lilitoka Ufaransa mwaka 1968, likateuliwa Gari la Mwaka la Ulaya mwaka 1969, na likashinda Safari Rally mwaka 1975 na tena 1978. Kwa miaka mingi liliunganishwa hapa Kenya. Limebeba maharusi wetu, wagonjwa wetu na wazee wetu.

Fundi alinieleza jambo ambalo wengi hatulijui. Lori lina chasi, yaani fremu nzito ambayo bodi hukalishwa juu yake. Gari hili halina fremu hiyo. Bodi yenyewe ndiyo mifupa. Chini ya milango, kulia na kushoto, hupita mihimili miwili ya bati lililokunjwa mfano wa sanduku. Hiyo, pamoja na sakafu na nguzo za milango, ndiyo izuiayo gari lisikunjike. Ndani ya mihimili mna uwazi, na chini yake mna matundu madogo ya kutolea maji. Matundu yakizibwa na tope, maji hukaa, na kutu huanza kula kutoka ndani ilhali nje rangi ingali nzuri.

Mwenye gari alikuwa mama mjane, nalo alirithi kwa marehemu mumewe. Alikuja kutaka rangi tu. Mnunuzi alikwisha kupatikana, na ada ya shule ya watoto ilikuwa imefika. Fundi akainama, akagonga ubavu wa chini kwa mpini wa bisibisi. Bati zima hulia. Lililooza hutoa sauti iliyokufa. Akachokoa mahali pamoja, fila ikadondoka pande zima kama mkate wa mofa. Nyuma yake hapakuwa na chuma, ila gazeti lililoshindiliwa.

"Mama," akasema, "rangi naweza kukupakia leo hii. Lakini gari hili likigongwa ubavuni, mlango utaingia hadi kitini."

Mama akanigeukia. "Sheikh, si mimi niliyeziba hapa. Mimi nilirithi tu. Je, nina dhambi?"

Nikamjibu kwamba kwa alilokuwa halijui hana lawama, lakini sasa amelijua. Muuzaji akiijua aibu ya bidhaa yake ni wajibu wake kuieleza, na mnunuzi akikuta aibu iliyokuwapo kabla ya mauzo ana haki ya kurudisha. Mtume wetu (s.a.w.) alipita sokoni, akatia mkono katika rundo la nafaka, vidole vyake vikakuta majimaji. Muuzaji akasema ni mvua iliyolilowesha. Mtume akamkemea kwa kutoiweka juu ile iliyolowa watu wakaiona. Fila juu ya kutu ni nafaka kavu juu ya iliyolowa.

Mama akanyamaza kitambo, kisha akampigia simu mnunuzi palepale. Yule bwana akaja kabla ya alasiri, akalitazama tundu, wakapatana gharama ya matengenezo ikatwe katika bei. Pesa zilipungua, wala sisemi kwamba hazikumuuma. Lakini alirudi nyumbani na mauzo yasiyo na hadaa.

Juma lililofuata nilirudi kuitazama kazi. Kwanza betri ilifunguliwa, viti na mazulia yakatolewa, na tangi la petroli likaondolewa, kwa kuwa cheche haina rafiki. Kisha vyuma vilichomelewa kukingama nafasi za milango, ili bodi isipinde mhimili utakapokatwa. Fundi alikata kutu yote hadi akafikia chuma kizima, kwani bati jipya lililoshikizwa kwenye bati bovu haliwezi kudumu. Akakunja bati jipya lenye unene sawa na la asili, akalichomelea kwa nukta fupi, moja huku na nyingine mbali, maana joto likikusanyika mahali pamoja bati hupinda. Kila hatua alijaribu milango kama ingali ikifunga sawasawa. Mwisho alipaka rangi ya zinki, akaziba maungio, akapuliza nta ndani ya uwazi, na akahakikisha matundu ya maji yako wazi.

Katika Qur'ani iko sura iitwayo Al-Hadid, yaani Chuma, na humo chuma kimetajwa kwa nguvu zake na manufaa yake kwa watu. Manufaa hayo hulindwa kwa mambo madogo. Inua zulia la gari uguse kama kuna unyevu. Tazama mlango unaoning'inia au usiofunga kama zamani. Osha chini ya gari kwa maji baridi kila litokapo ufukweni, na uzibue matundu yake. Na wewe mama upelekaye gari kwa fundi, mwambie akuite uione kazi kabla haijafunikwa kwa rangi. Fundi mwaminifu hatachukia.

Wabillahi tawfiq.